Vikombe Vyeupe Kwenye Mbao za Jahazi: Ni Viumbe Gani?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi seremala hapa Arusha, karakana yangu iko Unga Limited. Nimenunua mbao za jahazi lililovunjwa Tanga, nazitengenezea meza za hoteli. Upande uliokuwa nje umejaa vitu vyeupe vigumu kama vikombe vilivyopinduliwa, vimeganda kabisa. Nimehesabu aina nne. Kuna vikubwa vya waridi kuelekea zambarau, upana wake unazidi kizibo cha soda. Kuna vidogo vyeupe vyenye mistari ya zambarau, vimebanana. Vingine havina kikombe, ni kama kucha tano nyeupe kwenye ngozi nyeusi iliyokauka. Na vingine ni kama minyoo ya chokaa iliyojikunja. Matundu pia yapo. Nilidondoshea siki ikatoa povu, nikajua ni konokono. Lakini mteja anasema ni wadudu wa nyangumi, anataka niandike hivyo kwenye kibao cha meza. Kijana wangu wa kazi anasema wamelala tu, wakipata maji wataamka waendelee kula mbao. Ni spishi gani hawa? Nimekutumia picha tisa."

Marahaba, fundi. Picha zako zimefika, na ile ya sita uliyoipiga karibu na dirisha imenisaidia kuliko nyingine zote. Swali lako ni moja, lakini ndani yake kuna ubishi wa watu watatu: wewe, mteja na kijana wako. Niwaamue kwanza. Si konokono. Hawajawahi kukaa kwenye nyangumi. Wamekufa zamani, na hata walipokuwa hai hawakula ubao wako hata chembe. Ama kuhusu spishi, mmoja nitakutajia jina lake nikiwa karibu na uhakika, wawili nitaishia kwenye jenasi, yaani kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu, na wa nne si wa ukoo huu kabisa.

Nianze na siki, maana watu huiamini mno. Povu uliloliona ni hewa ya kaboni dayoksaidi inayotoka asidi inapokutana na chokaa. Linathibitisha kwamba chokaa ipo, basi. Ganda la yai la kuku litatoa povu, marijani itatoa povu, konokono pia atatoa. Ukisema kila chenye miguu minne ni ng'ombe, meza zako zitaanza kukamuliwa. Na tafadhali usidondoshee tena, kwa sababu siki inakula zile alama ndogo ambazo ndizo tunazitafuta.

Sasa chukua kikombe kimoja kikubwa ukielekeze kwenye mwanga. Konokono, hata yule bapa anayeganda mwambani kama kofia, ana gamba moja lisilo na kiungo. Chako kina viungo. Umbo lake ni kama la Ol Doinyo Lengai: mbavu za mteremko, weupe, na shimo kileleni. Ila mlima huu mdogo umejengwa kwa mabamba yaliyosimama na kupandana kando kwa kando kama mabati ya paa. Pale kileleni, mnyama alipokuwa hai, kulikuwa na vibamba vinne zaidi, jozi mbili, vilivyofunga na kufungua kama milango. Milango hiyo tutairudia, kwa sababu jibu lako lote limening'inia hapo.

Aliyekaa humo ni ndugu wa kaa na kamba. Mimi humwita banako, kwa kutohoa tu. Kundi lao zima kwa jina la kitaalamu ni Cirripedia, yaani wenye miguu iliyojikunja kama nywele za kipilipili. Fikiria uduvi aliyebandika kichwa chake sakafuni kwa gundi, akajijengea nyumba ya chokaa kujizungushia, kisha akawa anatoa miguu kupitia juu ya paa ili akamate chakula. Ana jozi sita za miguu hiyo. Inakunjuka, inafagia maji, inajikunja tena na vijidudu ilivyovinasa. Maisha yake yote ndiyo hayo.

Usione aibu kuwaita konokono. Linnaeus, baba wa mfumo tunaoutumia kuvipa viumbe majina, mwaka 1758 aliwapanga pamoja na viumbe wenye makombe. Watu wakafuata mkondo huo hadi 1830, pale John Vaughan Thompson, daktari wa jeshi aliyekuwa akiishi Cork huko Ireland, alipoeleza jambo aliloliona kwa macho yake: watoto wa banako wanaogelea, wana miguu yenye viungo, na wanabadilika umbo kama watoto wa jamii ya kaa. Mtoto ndiye aliyetoboa siri ya mzazi.

Na mtoto huyo ndiye anayejibu kwa nini wako wamebanana hivyo. Yai la banako halitoi kikombe kidogo. Linatoa kijidudu chenye jicho moja kinachoelea baharini na kula, kinajivua mara kadhaa, halafu kinageuka kuwa na magamba mawili kama punje ya choroko iliyofunguka kidogo. Kikifika hapo hakili tena. Kazi iliyobaki ni kutafuta kiwanja. Kinatembea juu ya ubao kwa vipapasio vyake, kinaonja, kinasogea, kinaonja tena, na kinachokivutia zaidi ni harufu ya banako wakubwa waliokwisha kukaa. Sababu yake ni ya maana: ukishajigandisha hutembei tena, na banako wengi, ingawa kila mmoja ana viungo vya kike na vya kiume, huhitaji jirani wa kuzaa naye. Ndiyo maana kiungo chao cha kiume, ukikipima kwa kulinganisha na mwili, ni kirefu kuliko cha mnyama mwingine yeyote. (Hilo usiliandike kwenye kibao cha meza.) Akiridhika na mahali, anatoa gundi na kubandika kichwa. Gundi hiyo hushika kwenye maji ya chumvi, juu ya ubao ulioloa, kitu ambacho gundi yako ya dukani haikiwezi.

Kwa hiyo ubao kwake ni kiwanja tu, chakula anakipata kwenye maji. Na wakivuta hewa ya Arusha kwa miezi, zaidi ya kilomita 400 kutoka Tanga, hawaamki hata ukiwaogesha. Banako wa miambani anaweza kufunga milango na kuvumilia jua mpaka maji yajae tena, lakini uvumilivu huo una mwisho, na maji ya bomba si bahari.

Matundu ni kesi nyingine. Kwenye picha ya nane naona tundu la mviringo lenye utando mweupe wa chokaa ndani, limenyooka kufuata nyuzi za ubao. Huyo ni Teredo au ndugu yake: huonekana kama mnyoo, lakini kwa nasaba ni wa jamii ya chaza, na yeye kweli hula mbao. Naye bila maji ya bahari hufa. Unachotakiwa kukiangalia karakanani ni vitundu vidogo mno visivyo na chokaa, vinavyomwaga unga laini chini ya ubao. Ukifagia leo na kesho unga umerudi, basi kuna wadudu wa nchi kavu wanaobungua mbao zako hivi sasa, na wataingia hata kwenye mninga wako mwingine. Tenga ubao huo mara moja.

Kuhusu nyangumi: mteja wako hakubuni kutoka hewani. Wapo banako wa nyangumi, na nyangumi wa nundu hufika pwani yetu kati ya Julai na Oktoba. Lakini banako wao, Coronula diadema, ameumbwa kwa ajili ya ngozi. Gamba lake lina mikunjo ambayo ngozi ya nyangumi huingia na kulishikilia. Kwenye mbao za jahazi hana kazi. Kasa nao wana wao, Chelonibia testudinaria. Ukiandika "wadudu wa nyangumi" utakuwa unauza hadithi.

Tuje sasa kwenye majina. Watu wengi huanza na rangi, na mimi nilianza hivyo hivyo. Nikiwa mwanafunzi Unguja nilikwangua mashua kwa wiki nzima, nikabandika lebo kwenye vichupa thelathini na kitu: wa zambarau huku, weupe kule, wenye mistari pale. Mwalimu wangu hakusema kitu. Alichukua kichupa kimoja cha "weupe", akatoa milango ya mnyama kwa sindano, akaiweka chini ya hadubini, kisha akachukua kimoja cha "mistari" akafanya vivyo hivyo. Milango ilikuwa ile ile. Weupe wangu walikuwa wenye mistari waliopaushwa na jua. Nilianza upya vichupa vyote.

Anza na kuhesabu mabamba ya ukuta. Manne, uko kwa Tetraclita, ambaye kazi yake ni miamba inayofunikwa na kufunuliwa na maji. Ukimvunja, ukuta wake una vitundu vingi vidogo kama mkate wa kumimina. Kwenye picha ya sita nimehesabu sita, kwa hiyo huyo hayumo. Mabamba sita yanaacha watu wawili wanaochanganywa sana: Chthamalus wa juu ya miamba, na familia ya Balanidae. Hapa ujuzi wako wa paa utakusaidia. Angalia lile bamba la mbele, upande wa jozi ya milango ya mbele. Kwa Balanidae bamba hilo linalalia majirani zake wa kushoto na kulia. Kwa Chthamalus majirani ndio wanaolilalia. Kuna na njia ya seremala zaidi: bandua kimoja taratibu kwa patasi. Kikiacha duara jeupe la chokaa kwenye ubao, huyo ana sakafu ya chokaa. Chthamalus sakafu yake huwa ni utando tu, akibanduka haachi duara hilo. Mbao zako zimejaa maduara, kwa hiyo wako ni Balanidae.

Wale wakubwa wa waridi ni Megabalanus. Ukubwa peke yake haunitoshi. Angalia zile pembetatu ndefu zinazounganisha bamba na bamba: ukikata moja kwa msumeno mwembamba utakuta nayo ina vijibomba ndani, na hiyo ndiyo sahihi ya jenasi yao. Anayejulikana sana kwenye meli za bahari za joto ni Megabalanus tintinnabulum, jina lenye maana ya kengele ndogo, na nikilazimishwa kubashiri nitamtaja yeye. Lakini jenasi hiyo ina spishi nyingine zenye rangi na umbo hilo hilo, na katika picha zako mashimo yote ya juu ni matupu. Milango imeanguka. Bila milango naishia Megabalanus, na mtu akikupa jina kamili kwa picha hizo, muulize amelionea wapi.

Wadogo wenye mistari ni Amphibalanus. Hapa wagombea wakuu ni wawili. Amphibalanus amphitrite ana mistari ya zambarau inayoshuka wima, basi. Amphibalanus reticulatus ana hiyo ya wima pamoja na mingine inayokwenda mlalo, ikikatana kama wavu. Kwenye picha ya tatu naona wima tu, ila gamba limesuguliwa, na mistari ya mlalo ndiyo hufutika. Kinachowatenganisha vizuri ni mlango wa nyuma: una kijimguu kinachochomoza chini, kwa amphitrite ni kipana na butu, kwa reticulatus ni chembamba na kirefu zaidi.

Ukikuta kitabu cha zamani kinasema Balanus amphitrite, usidhani ni mnyama mwingine. Jina hilo alilitoa Charles Darwin mwaka 1854, mwishoni mwa miaka minane aliyoitumia kuwachambua banako wa dunia nzima, na ndani yake alikusanya aina kadhaa ambazo leo zimetenganishwa na kuwa spishi zenyewe. Reticulatus alitambuliwa rasmi 1967. Jenasi Amphibalanus yenyewe ilitengwa 2004. Orodha ya kabla ya hapo inayosema "amphitrite" isomwe kwa tahadhari, maana huenda wawili hawa wamelala kitanda kimoja.

Wale wa kucha tano ndio walionifurahisha. Ndio wanaoonekana wameoza kuliko wote, na ndio wenye jina la uhakika zaidi. Hao ni Lepas, banako wa kikonyo. Alipokuwa hai kikonyo kilikuwa laini, kikining'inia kwenye maji. Sasa kimekauka ndiyo hiyo ngozi nyeusi. Kucha tano ndizo mabamba yake yote: milango minne na bamba moja la mgongoni. Kwa kuwa yalishikwa na ngozi iliyokauka, hayakuanguka! Kwenye picha ya tano kila bamba lina mifereji iliyo wazi inayotoka pembeni na kutawanyika kama mikunjo ya upepeo. Lepas anatifera mabamba yake ni laini au yana mikwaruzo hafifu. Mwenye mifereji kama hiyo ni Lepas anserifera, na huyo niko tayari kumtia sahihi. Naye anakupa habari za jahazi lenyewe: Lepas hushika vitu vinavyoelea na havumilii kukaa nje ya maji, kwa hiyo sehemu hiyo ya jahazi ilizama muda wote, na wenyewe hawakulipandisha pwani kulikwangua kwa muda mrefu.

Minyoo ya chokaa ni minyoo kweli, hujenga vibomba na kuishi ndani. Iache.

Kabla hujakata tamaa kuhusu wale wawili walioishia kwenye jenasi, tafuta waliobanwa katikati ya kundi au kwenye kona ya taruma, yaani mbavu ya jahazi. Mara nyingi milango hubaki huko. Loweka kipande kwenye maji ya uvuguvugu usiku mmoja, kisha uitoe kwa sindano. Nyama iliyokauka itoe kwa jiki iliyozimuliwa kwa dakika chache, suuza, anika. Jiki hiyo isikutane na siki yako kabisa, ikichanganyika hutoa hewa yenye sumu. Hadubini si lazima kwa kuanzia. Arusha imejaa wanunuzi wa vito, na kila mmoja ana lensi ya mara kumi mfukoni. Mwombe mmoja akuazime kwa dakika tano. Ukihitaji zaidi, maabara ya sekondari yoyote yenye hadubini inatosha.

Sasa meza. Ukiamua kuwaacha, suuza mbao kwa maji baridi mara kadhaa na uzikaushe kivulini, kwa sababu chumvi iliyomo huvuta unyevu na kula misumari, kisha jaza mashimo kwa resini, maana kingo zake hukata ngozi kama wembe. Binafsi ningewaacha upande mmoja tu, chini ya kioo. Ukiamua kuwaondoa, tatizo langu si banako, ni rangi iliyo chini yao. Majahazi ya zamani yalipakwa shahamu na chokaa, hiyo haina shida kubwa. Lakini naona kwenye picha ya pili rangi nyekundu ya dukani, na rangi za chini ya maji zimetengenezwa kuua viumbe: nyingi zina shaba, na za zamani zilikuwa na kiambata cha bati kilichopigwa marufuku kwa mkataba wa kimataifa ulioanza kutumika 2008. Usipige msasa mkavu. Lowesha, kwangua, vaa barakoa ya vumbi ya kweli na si kitambaa, kusanya mabaki kwenye mfuko, na watoto wasicheze hapo. Kama wewe au kijana mmeshaanza kukohoa au kifua kinabana, nendeni hospitali na mumwambie daktari mlikuwa mnasugua rangi ya chombo cha baharini.

Iwapo mteja anahitaji jina lenye mhuri, kwa mfano kwa maandishi ya maonyesho, mimi na picha zangu hatutoshi. Wapo watu wa kazi hiyo katika Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko Zanzibar, na wao watataka kuona sampuli yenyewe mkononi.

Kwa sasa kibao kiandike hivi: "Banako wa baharini: Lepas anserifera, Amphibalanus na Megabalanus. Kutoka jahazi lililovunjwa Tanga." Ongeza mwezi na mwaka lilipovunjwa, muulize aliyekuuzia kabla hajasahau. Na ukipata milango, usiichanganye. Kila mmoja kwenye karatasi yake, namba ya ubao juu yake, vyote ndani ya kiberiti kitupu. Mpe kondakta wa basi la Moshi, nitakipokea stendi.